Sababu Niliyoitoa kwa Kikurya

Ng'ombe wa mahari ya binti yangu mkubwa walifika Nyamwaga siku ya Jumanne, wakitokea Issenye alikoolewa, na siku ya Alhamisi shemeji yangu alikuwa ameshaingia uani kwangu. Nilimwona akipita katikati ya migomba, anatembea polepole kama mtu asiye na haja yoyote, nikajua ana haja kubwa. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia napukuchua mahindi. Nikamsogezea kigoda, tukasalimiana, nikaendelea na mahindi yangu.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ni mkulima kama sisi sote, ana ng'ombe, ana sauti, na ni mzee wa kanisa katika kanisa lile lile ninalosali mimi. Alisifia ng'ombe. Alisifia mkwe wangu mpya. Alisifia hata mahindi, ambayo msimu ule yalikuwa yameliwa na funza hadi ndani. Kisha akasema kilichomleta: sasa nyumba ya kaka yake ina ng'ombe, kwa hiyo wakati wa kuoa umefika.

Wa kuoa nilikuwa mimi. Nimezaa wasichana wawili, sikujaliwa mtoto wa kiume, na mume wangu ameshatangulia. Kwa mila yetu Wakurya, mama wa namna hiyo anaweza kuchukua ng'ombe walioletwa kwa ajili ya binti yake, akaoa msichana. Msichana huyo anakuwa mkwe wake, mke wa yule mtoto wa kiume ambaye mama hakumzaa. Anatafutiwa mwanaume wa kuzaa naye, mara nyingi mtu wa ukoo, na watoto watakaopatikana ni wa nyumba ile. Akipatikana mvulana, huyo ndiye atakayeushika mji. Hiyo tunaiita nyumba ntobhu, na kwetu si jambo la kunong'ona. Ipo, watu wanaishi ndani yake, na wengine wanaishi vizuri.

Shemeji alikuwa ameshatafuta. Kulikuwa na binti huko Kerende, amemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, na baba yake alikuwa tayari. Nikamwambia sitaki. Akaniuliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu nimeokoka.

Akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kweli, cha tumboni.

"Shemeji," akasema, "na mimi nimeokoka. Tena nimeokoka kabla yako. Hiyo siyo sababu."

Nilirusha gunzi kwenye kapu kwa nguvu hadi kuku wakatawanyika. Mimi nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua hilo, na shemeji ananijua miaka mingi. Akangoja kuku watulie. Halafu akanieleza, kwa upole ambao uliniudhi kuliko kicheko, kwamba ukoo utakaa kwake Jumamosi ya wiki inayofuata. Baba mkubwa wao angekuja kutoka upande wa Kenya, na yule binti angekuja na baba yake siku hiyo hiyo. Niende nikatoe sababu zangu mbele za watu. Zikitosha, wataniacha. Zisipotosha, binti angelala kwangu siku hiyo na ng'ombe wangeenda Kerende.

Mkwe wangu wa Issenye, mwalimu, aliposikia habari hizo kwenye simu alinishauri niende kwa mtendaji wa kijiji. Alisema sheria iko upande wangu, na nadhani ni kweli. Lakini mtendaji angenishindia karatasi tu. Kesho yake ningekutana na shemeji kanisani, keshokutwa kisimani, na kila mtu wa ukoo angesema yule mama alitushinda kwa serikali kwa sababu hakuwa na la kusema. Mimi nilitaka kuwa na la kusema.

Na hapo ndipo nilipopata hofu, maana nilijitafuta nikajiona sina. Nimekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nimeongoza maombi saa nzima bila kumeza mate. Nimewahi kusimama kwenye mkutano wa injili huko Serengeti nikashuhudia mbele ya watu nisiowajua, wakalia. Lakini mtu mmoja wa nyumbani aliniuliza kwa nini, nikatoa neno moja, akalicheka, nikabaki natazama kuku.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo ukoo wa mume wangu walilijua na hawakuwahi kulitaja mbele yangu. Mimi mwenyewe nimezaliwa kwenye nyumba ntobhu. Mama yangu aliolewa na bibi mmoja mjane katika kijiji kingine cha Tarime, kwa ajili ya mtoto wa kiume ambaye bibi hakumpata. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mila, baba yangu ni mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Shuleni niliandikwa jina la marehemu mume wa bibi, na maisha yakaenda.

Mwanaume aliyenizaa nilimfahamu. Hakuna mtoto asiyefahamu mambo ya nyumbani kwao. Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi, nilikutana naye mnadani, amesimama na wenzake wanakagua fahali. Nikainama kidogo, nikamwambia shikamoo. Akajibu marahaba, kama ambavyo angemjibu mtoto yeyote anayepita na ndoo, akaendelea kupapasa nundu ya yule fahali. Hakunifanyia ubaya. Nilirudi nyumbani na chumvi niliyotumwa, nikalala bila kula, na bibi akadhani nina malaria.

Basi, nilikwenda kwa mchungaji. Akafurahi sana, maana ni kijana na anapenda maswali. Akanitafutia mistari kumi na miwili kuhusu ndoa, urithi, wajane na yatima, nikaiandika yote kwenye daftari la mraba, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Wiki nzima nilikuwa nakariri. Nilikariri nikipalilia, nikikamua, nikipanga foleni ya mashine ya kusaga. Jioni moja nilimkalisha binti yangu mdogo, ambaye amebaki nyumbani tunalima naye, nikamsomea hotuba yote tangu mwanzo. Akasikiliza hadi mwisho kwa heshima.

"Mama," akasema, "ni nzuri. Ila unasoma kama taarifa ya habari."

Nilimfokea, nikamwambia akafunge ndama. Lakini mkuki ulikuwa umeshaingia.

Jumamosi ilipofika niliamka nimechoka. Nilivaa kitenge changu cha sare ya akina mama, nikatia daftari kwenye mkoba, nikashuka kwa shemeji. Njiani nikawaona vijana wa ukoo wamebeba benchi za kanisa mabegani, mbilimbili. Huwa tunaziazima kwa misiba na harusi, na shemeji ndiye mtunza ufunguo. Kwa hiyo nilikuwa naenda kuhukumiwa juu ya imani yangu na watu waliokalia benchi nilizozichangia mimi kwa kuuza ndizi. Nilijikuta nacheka peke yangu barabarani, na kicheko hicho kilinisaidia kidogo.

Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Baba mkubwa alikuwa amefika tangu asubuhi, amevuka mpaka wa Sirari, amekaa kwenye kiti cha plastiki na fimbo yake kati ya magoti. Nilimwamkia, akaitikia. Kwetu mkwe hakai akitazamana na wakwe zake wanaume, kwa hiyo nilipewa nafasi mwisho wa benchi la pembeni, nikaelekeza uso wangu kwenye zizi. Nyuma ya zizi kulikuwa na jiko la shemeji, na mlangoni mwa jiko nikamwona binti wa Kerende. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, anamenya ndizi pamoja na wake wa shemeji. Walikuwa wamemvisha gauni la mtu mzima, limemzidi mabega, na kila alipoinua kisu alilazimika kwanza kulipandisha begani.

Shemeji alifungua kwa maombi. Alieleza jambo lote kwa Kikurya, vizuri, bila kunisingizia chochote. Kisha akaniita nitoe sababu zangu.

Nikasimama, nikafungua daftari, nikaanza kwa Kiswahili.

Sikuwaza hata kidogo. Kila nilichokijua kuhusu Mungu nilikijua kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili nilijifunza kuimba, kuomba, kutubu na kutoa matangazo. Kikurya ni cha nyumbani, cha shambani na cha kugombana. Kwa hiyo nikawasomea wazee wa ukoo habari za neema, utakaso na agano, wao wakanitazama kwa adabu, na kadiri nilivyoendelea sauti yangu ilikuwa inapanda kama ya mtu anayetangaza chanjo ya mifugo kwenye kipaza sauti. Nilifika mstari wa nne.

Shemeji akainua mkono. Akasema anaomba kuuliza jambo moja tu, kwa kuwa mstari huo anaujua. Je, siyo kweli kwamba baba wa imani, yule mzee ambaye sisi sote tunajiita wanawe, mkewe alikosa mtoto? Na je, mkewe hakumchukua kijakazi wake kwa mkono wake mwenyewe, akampa mumewe, ili nyumba ipate mtoto? Na Mungu alimkataa mama yule?

"Hiyo ni nini," akauliza, "kama siyo nyumba ntobhu?"

Benchi zote zikacheka. Nilipekua daftari. Mchungaji hakunipa mstari wa hilo. Nikapekua mbele, nikarudi nyuma, na nilichokiona zaidi ya kitu chochote ni kwamba yule binti ameacha kumenya na ananitazama.

Baba mkubwa akagonga fimbo chini. Akanisemesha kwa Kiswahili cha kwao, cha upande wa pili, ili kunichokoza.

"Mama, hiyo kitabu weka chini kwanza. Hii Kiswahili umebeba ni ya baraza ya chifu. Sisi hatuna kesi na chifu." Watu wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. Akageuza, akaendelea kwa Kikurya, taratibu. "Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Tuambie wewe. Kwa nini unamwamini huyu Mungu hadi umkatalie mume wako mrithi?"

Nililiweka daftari kwenye benchi. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani nikatafuta neno neema kwa Kikurya, nikalikosa. Nikatafuta wokovu, nikapata neno la kumtoa ng'ombe kwenye tope. Niliogopa sana. Nilibaki na maneno ya nyumbani tu, na maneno ya nyumbani yalikuwa na jambo moja la kusema kuhusu Mungu, nami nilikuwa sijawahi kulisema kwa yeyote, hata kwa mume wangu.

Nikasema, "Baba, ninyi nyote mnajua nimezaliwa wapi."

Kicheko kikaisha. Kuna watu walioinamisha vichwa, kwa sababu kulitaja jambo hilo mbele yangu kulikuwa mwiko, na sasa nililitaja mwenyewe. Nikawaeleza habari ya mnada na ile shikamoo. Nikawaeleza kwamba sikuwa na njaa, sikuvaa matambara, bibi aliyemwoa mama alinipenda na aliuza mbuzi wake ili nipate sare ya shule. Nilitaka walijue hilo, maana sikuja pale kumtukana marehemu bibi. Kisha nikawaeleza siku ya ubatizo wangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikuwa watoto wengi, tumepangwa mstari mbele ya meza ya mwinjilisti. Alikuwa mgeni, mtu wa mkoa mwingine, hajui Kikurya. Alikuwa na kitabu kikubwa chenye nafasi za kujaza: jina la mtoto, jina la baba, kijiji. Watoto walikuwa wanataja, yeye anaandika, halafu anasoma kwa sauti ili kanisa lisikie. Zamu yangu ikafika. Nikataja jina langu. Akaniuliza baba yako anaitwa nani.

Lile jina la shuleni lilikuwepo mdomoni, lakini nilikuwa nimefundishwa wiki nzima kwamba mbele za Mungu hakuna kudanganya, nami nililiamini hilo kama watoto wanavyoamini. Yule marehemu hakuwa baba yangu. Yule wa mnadani asingekubali. Yule wa mila hakuwahi kuzaliwa. Nikanyamaza. Akauliza tena. Nyuma yangu mtoto mmoja akasema, huyu hana baba, ana hewa. Mstari mzima ukacheka, na watu wazima wengine wakacheka pia.

Mama yangu alikuwa mlangoni. Hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa ameniletea kanga ya kujifuta maji, basi, akasimama nje kidogo kwa sababu miguu yake ilikuwa na matope. Akaingia na matope yake. Akapita katikati ya kanisa, akafika mezani, akasema kwa Kikurya, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo tena:

"Andika mimi. Ni wangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

Mwinjilisti akauliza amesema nini. Akatafsiriwa. Nilikuwa natazama mkono wake, maana nilijua mkono huo ukisita tu, nitatoka mle ndani na sitarudi. Haukusita. Akaandika jina la mama yangu kwenye nafasi ya baba. Kisha akasimama akasoma, jina langu, na jina la mama, na kijiji, kwa sauti ile ile aliyowasomea wengine wote. Hakushusha. Hakupandisha. Akaita anayefuata.

"Hiyo ndiyo sababu yangu," nikawaambia wazee. "Hiyo mistari nimeisoma baadaye, na ninaipenda yote, lakini niliamini kabla sijaisoma. Siku ile nilijua Mungu wa hawa watu hanionei aibu. Nimemfuata tangu hapo na hajawahi kunionea aibu. Sasa mnataka nimlete binti wa watu nyumbani kwangu, azae mtoto, na huyo mtoto siku moja asimame mbele ya meza akiulizwa baba yako nani. Siwezi. Nikifanya hivyo nitakuwa nimesimama kwenye ule mstari nacheka."

Nilikuwa nalia, lakini sauti haikunikatika, na nilishangaa jinsi Kikurya kilivyokuwa kimekaa kinywani. Nilikuwa nimemsema Mungu kwa lugha ninayogombezea kuku, na hajapungua.

Aliyesimama ni shemeji. Sikuona uso wa ushindani tena. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimekusikia," akasema. "Lakini ndugu yangu je? Wewe umepata jina la kuandikwa. Ndugu yangu jina lake linafutika. Miaka ishirini ijayo nani atasema hapa palikuwa na mji wake?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Siku zote nilidhani anataka kutawala ng'ombe. Kumbe alikuwa anamlilia kaka yake, kwa njia pekee aliyofundishwa. Walikuwa wamechunga pamoja, wametahiriwa mwaka mmoja, wamekula sahani moja hadi wakaoa. Nikampenda shemeji yangu wakati ule ule ambao nilijua namshinda.

"Shemeji," nikamwambia, "siku tulipomzika kaka yako, nani alisimama kaburini akatufariji?"

"Mimi."

"Ulituambia yuko wapi?"

Akavua kofia. Baba mkubwa akamwambia ajibu.

"Nilisema hajapotea," akasema. "Nilisema yuko kwa Bwana, na tutamwona."

"Ulisema ili tuache kulia, au uliamini?"

Ng'ombe mmoja alikohoa zizini. Shemeji alitazama mikono yake. Angeweza kujibu lolote na sisi wote tungelikubali. Lakini ni mtu mkweli, hilo nalisema mbele ya yeyote.

"Niliamini," akasema. "Naamini."

"Basi kama hajapotea, huyu binti anakuja kumtafutia wapi?"

Baba mkubwa alicheka kwanza, kicheko kidogo cha puani, halafu akagonga fimbo.

"Kaa chini, mura," akamwambia shemeji, kama vile anaongea na kijana. "Umejifunga kamba mwenyewe, na fundo ni zuri."

Shemeji akakaa. Na mara akaanza kucheka naye, huku anajifuta macho kwa kofia, na kicheko kikazunguka benchi zote, lakini safari hii nilikuwa ndani yake.

Baba mkubwa akatoa neno la mwisho. Akasema yeye ni mzee, amebatizwa juzi tu, kitabu hajui kusoma, lakini anajua mtu anaposema kitu anachokijua na anaposema kitu alichoazima. Nyumba itakaa kama ilivyo. Binti yangu mdogo ataushika mji wa baba yake, na atakayemsumbua aanze na yeye mzee. Hakuna msichana atakayeletwa. Si wote waliopenda. Binamu mmoja wa mume wangu aliondoka kabla ya chakula, na baba wa yule binti wa Kerende alilalamika kwamba amepoteza siku na nauli ya bodaboda, ingawa nyama ya kichuri alikula mara mbili.

Nilikwenda jikoni. Binti alikuwa amesikia yote, ukuta wa shemeji ni wa udongo na umepasuka. Alipiga goti kidogo akaniamkia, nikamwitikia, nikamshika mkono, nikamuuliza hali yake na ya mama yake, nikamsikiliza hadi alipomaliza kunijibu.

"Kwa hiyo leo narudi nyumbani?" akaniuliza.

"Unarudi," nikamwambia.

Akakaa tena kwenye ndoo yake, akachukua kisu, akaendelea kumenya. Akawa anamenya haraka haraka na nyama ya ndizi inaondoka na maganda, na hakuna mama hata mmoja aliyemkaripia.

Alasiri watu walipotawanyika, benchi zilitakiwa kurudi kanisani kwa ajili ya ibada ya kesho. Vijana walikuwa wameshapotea, kama kawaida yao kazi inapobaki. Shemeji akashika upande mmoja wa benchi, akanitazama. Nikashika upande wa pili. Tukapanda nayo kilima, yeye mbele, mimi nyuma. Karibu na mlango akasema bila kugeuka kwamba kesho kipindi cha ushuhuda ni changu, na kwamba niseme kama nilivyosema leo. Nikamuuliza, kwa Kikurya? Akasema, kwani leo ulisema kwa Kichina?

Mchungaji alikuwa ndani anafagia. Alitaka kusikia kila kitu tangu mwanzo. Nilipofika kwenye habari ya kijakazi aliruka.

"Mama, mbona hukumjibu? Yule kijakazi si alifukuzwa baadaye, yeye na mtoto wake, wakaachwa nyikani? Na Mungu si ndiye aliyewatafuta? Ungemmaliza hapo hapo."

Nikamwambia sikukumbuka. Ni kweli sikukumbuka, na nilijikasirikia kidogo, maana lilikuwa jibu zuri sana. Daftari lenyewe nililisahau uani kwa shemeji na sijalifuata hadi leo.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado liko juu ya migomba. Nilimpigia mama simu. Anaishi kwa kaka yangu, ambaye ndiye yule mvulana ambaye nyumba ya bibi ilikuwa inamtaka, na ni kaka mwema. Mama hajabatizwa. Anasema anangoja mvua ziishe, na amesema hivyo tangu nikiwa msichana. Simu ilipokelewa na mjukuu, akampelekea shambani, nikasikia mama anahema.

Nikamweleza yote. Nikamweleza shemeji, baba mkubwa, benchi, daftari. Nikamwambia imekwisha, mama, binti amerudi kwao. Alikuwa anaitikia tu, ee, ee, kama anavyofanya akiwa anafikiria jembe lake. 

"Uliwaambia habari ya kile kitabu?" akauliza.

"Niliwaambia."

"Uliwaambia niliingia na matope?"

"Niliwaambia, mama."

Nilisikia anasogea, anamkimbia mjukuu asisikie.

"Na kwamba nilisema kwa sauti, uliwaambia?"

"Kwa sauti kubwa," nikamwambia. "Nimewaambia kanisa zima lilisikia."

"Haya," akasema mama. "Ni kweli. Lilisikia."